Namba Moja ya 1963 na Namba Moja ya 1991

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Kirumba, hapa Mwanza, aliniletea jarida la katuni la Kimarekani. Alikuwa amelilaza katikati ya daftari kubwa lisije likakunjika. Alilipata soko la Mlango Mmoja, kwenye boksi la vitabu vya Kiingereza lililokuwa chini ya meza ya muuza mitumba. Juu ya jalada paliandikwa X-Men, namba 1. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba X-Men namba 1 iliyo safi huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, na muuzaji alikuwa na boksi zima la majarida ya namna hiyo. Pesa yake ya mchezo, ule wa kuchangishana kwa zamu, ilikuwa inatoka wiki ile. Alitaka kujua kama achukue boksi lote.

X-Men namba 1 ziko zaidi ya moja, na mbili ndizo zinazotuhusu hapa. Ya kwanza ilitoka Septemba 1963, ikaandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Jack Kirby, ikauzwa senti 12. Hiyo ndiyo ya mamia ya maelfu. Ya pili ilitoka 1991 ikiwa na majalada matano tofauti, na manne kati ya hayo ukiyapanga pamoja yanaunda picha moja ndefu. Maduka yaliagiza nakala zaidi ya milioni 8, rekodi iliyoingia Guinness. Jarida la kijana lilikuwa la 1991. Limepita miaka zaidi ya 30, na nakala ya kawaida ya jarida lile bado unaipata kwa dola chache tu. Nilipomwonyesha mwaka uliochapwa ndani kwa herufi ndogo, alinyamaza kwa muda mrefu.

Nilipolisimulia jambo hilo kijiweni tunapokunywa kahawa, ubishi ukaanza, na haujaisha hadi leo. Wengine wanasema katuni kuukuu ni akiba kama kiwanja cha Buswelu: unainunua mapema, unavumilia, unauza. Wengine wanasema ni karatasi, na karatasi haijawahi kumlisha mtu. Mimi nakusanya majarida haya kwa miaka mingi sasa, na naona kila upande umeshika kipande cha ukweli.

Nianze na wanaosema ni akiba, maana hoja yao ina uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Action Comics namba 1, ambamo Superman alionekana kwa mara ya kwanza, ilitoka mwaka 1938 kwa senti 10. Aprili 2024 nakala moja iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6. Amazing Fantasy namba 15 ya Agosti 1962, iliyomleta Spider-Man, ilikuwa senti 12. Septemba 2021 nakala moja iliyotunzwa vizuri mno ilifika dola milioni 3.6. Na bei hizi zina msingi. Tangu 1970 kuna kitabu cha bei cha Overstreet kinachotolewa kila mwaka. Tangu 2000 kuna kampuni ya CGC, inayokagua jarida, kulipatia alama kutoka 0.5 hadi 10 na kulifungia ndani ya plastiki ngumu. Kwa sababu hiyo mtu wa Tokyo na mtu wa Chicago wanaweza kuelewana kuhusu jarida ambalo mmoja wao hajaligusa. Kiwanja cha Buswelu kina hati, na jarida lina alama.

Lakini thamani ile ilitoka wapi hasa? Ilitoka kwenye kupotea. Katuni za miaka ya 1930 na 1940 zilikuwa vitu vya watoto. Zilisomwa zikachanika, mama wakazitupa wakifanya usafi, na wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani walihimizwa kukusanya makaratasi yao kwa ajili ya vita, katuni zikaenda kwa marobota. Inakadiriwa kwamba Action Comics namba 1 zilizobaki ni kama 100 tu kati ya takriban laki mbili zilizochapwa. Hakuna aliyepanga uhaba huo.

Hapo ndipo hesabu ya miaka ya 1990 ilipokwama. Watu walishasikia habari za mamilioni, wakaamua safari hii hawatatupa kitu. Novemba 1992 ilipotoka Superman namba 75, toleo la kifo chake, iliuzwa pia ndani ya mfuko mweusi pamoja na kitambaa cheusi cha kuvaa mkononi kama msiba wa kweli. Watu walinunua tano, kumi, wakaziweka bila hata kuzifungua. Mamilioni ya nakala zimetunzwa hadi leo, tena safi kabisa, na kwa sababu hiyo hazina bei ya maana. Kitu kinachofichwa na kila mtu hakiwezi kuadimika. Mzigo ukadoda, maduka mengi yakafunga, na Desemba 1996 kampuni ya Marvel yenyewe, wachapishaji wa X-Men, ikaomba kinga ya muflisi mahakamani. Wale walangua katuni walikuwa wamenakili kitendo cha kuhifadhi, wakasahau kwamba kilichopandisha bei ya zile za zamani ni wengine wote kutokuhifadhi.

Bei za siku hizi nazo zina homa zake. Ikitangazwa filamu ya mhusika fulani, jarida alimotokea mara ya kwanza linapanda. Filamu ikishatoka, mara nyingi linashuka. Mwaka 2020 na 2021, watu wakiwa wamejifungia majumbani, bei zilipaa kwa majarida mengi, kisha kuanzia 2022 zikateremka. Aliyenunua kileleni bado anasubiri.

Mtu wa Mwanza hahitaji kufundishwa jambo hili, kwani analijua kwa mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki. Nenda soko la samaki la Mwaloni uulize bei ya bondo la sangara. Hatulili sisi, na wala bei yake haipangwi hapa. Inapangwa na mlaji aliye China, na sisi tunaisikia kupitia kwa wanunuzi. Akiwapo mnunuzi, bondo kubwa lina thamani kuliko minofu iliyolizunguka. Asipokuja, unabaki na kitu kikavu ambacho jirani yako hana kazi nacho. Katuni ya Kimarekani iliyo mkononi mwa mtu wa Kirumba iko hivyohivyo. Tena bondo lina nafuu, kwa maana mnunuzi wake huja hadi mwaloni. Katuni inabidi uipeleke mwenyewe: ulipie usafirishaji na bima hadi Florida iliko CGC, ulipie ukaguzi, usubiri, kisha mnada nao ukate kamisheni yake. Jarida la dola 50 linamalizwa na gharama kabla halijauzwa. Kwa hiyo ile ngazi ya bei tunayoisoma kwenye simu, huku kwetu vidato vyake vya chini havipo. Ni vile vya juu tu vinavyolipa, na vya juu havikai chini ya meza ya mitumba.

Kisha kuna hali ya hewa. Karatasi ya katuni za zamani ni ya bei rahisi, ile ya gazeti, yenye asidi inayoila taratibu kutoka ndani hadi inakuwa ya njano na kuvunjika kama kaukau. Unyevu wa ziwa unaongeza kutu kwenye pini za katikati, na mende humalizia kilichobaki. Mnunuzi wa nje hana huruma na vitu hivi. Incredible Hulk namba 181 ya 1974, alimotokea Wolverine kikamilifu kwa mara ya kwanza, ilikuwa na stempu ndogo ndani ambayo watoto walihimizwa kuikata na kuikusanya. Nakala iliyokatwa stempu ile hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake hata kama kila kitu kingine kimekamilika.

Kwa hayo yote, upande wa karatasi ungeonekana umeshinda. Mimi siungani nao, na sababu yangu iko nyumbani.

Miaka ya 1980 tulisoma Sani, jarida la katuni la Kiswahili. Jina lenyewe lilitokana na waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na ndani yake tulikutana na kina Kipepe, Madenge, Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Kabla ya hapo wazazi wetu walikuwa na Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Majarida haya yalipita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufa. Nakala moja ilisomwa na mtaa mzima wa Mabatini, ikaishia kufungia karanga. Mimi mwenyewe nilijalidi madaftari yangu ya darasa la tano kwa kurasa za Sani, na leo ningetoa pesa nzuri kuzirudisha kurasa zile. Kwa hiyo uhaba ule wa kweli, ambao Wamarekani wa 1992 hawakuweza kuutengeneza kwa pesa, sisi tunao. Tulichokosa ni soko. Ukipata Sani ya zamani leo, bei yake ni ile mtakayokubaliana wewe na aliyeishika.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu, anaogopa soko hilo lisije. Anasema siku bei zikipanda, madalali watazunguka Sengerema na Magu wakiwalangua wazee kwa shilingi 500, majarida yaondoke nchini, na mtoto wa Mwanza asiweze tena kuyashika. Hofu yake ni ya haki. Nimeshawahi kununua rundo kwa bibi mmoja aliyekuwa anawashia jiko kwa majarida hayo, nikamlipa alichotaja, na nikarudi nyumbani nikiwa na furaha iliyochanganyika na aibu. Wiki ya pili nilirudi nikamwongezea. Bado sijui kama kiasi kile kilikuwa sahihi, kwa kuwa hapakuwa na bei ya kulinganisha.

Lakini bibi yule alikuwa anawashia jiko. Nakala ngapi ziliungua kabla sijafika? Huko Marekani, pamoja na ulanguzi wote, bei ndiyo iliyomfanya mtu asite kabla ya kutupa boksi la marehemu baba yake. Mwalimu anaona bei kama mwizi anayekuja, na mimi naiona pia kama mlinzi, hata kama ni mlinzi mwenye tamaa. Kati ya jarida lililouzwa kwa dalali na lililounguzwa, la kwanza bado lipo mahali fulani, linaweza kutafutwa, kupigwa picha, kusomwa. Ndiyo maana natamani tuanze kununuliana hadharani, bei zitajwe kwa sauti, ili hata bibi ajue alichonacho. Na papo hapo nashikilia nilichomwambia kijana: usitoe pesa ya mchezo, wala ya mkopo, wala ya ada, kwa ajili ya karatasi yoyote, ya Kimarekani au ya kwetu. Nunua kwa ile ambayo hata ukikaa nayo miaka 20 bila mnunuzi, hakuna atakayelala njaa.

Boksi lile hakulinunua. Alibaki na X-Men yake moja, anaisoma na mdogo wake anayejifunza Kiingereza. Jumamosi iliyopita alirudi na Sani tatu alizozitoa kwa mjomba wake Nyegezi. Moja haina jalada, mbili pini zimeshika kutu na mtu amejaza chemsha bongo kwa kalamu ya bluu. Akauliza zina thamani gani. Nilimtajia kiasi ambacho mimi ningelipa, kisha nikampa namba ya mwenzangu wa Igoma anayekusanya pia, akamuulize na yeye kabla hajaniuzia.