Anayefufua kifaru cha vita si lazima awe mpenda vita

Kila video ya kifaru cha vita kilichofufuliwa inapozunguka kwenye simu zetu, jawabu la barazani huwa limeshapikwa. Inayozunguka sasa ni ya Tiger 131, kifaru cha Wajerumani walichokikamata Waingereza huko Tunisia mwezi wa Aprili 1943, na ambacho leo kinakaa katika makumbusho ya vifaru ya Bovington, kusini mwa Uingereza. Mwaka 2003, miaka 60 baada ya kukamatwa, kiliwashwa na kikatembea tena kwa nguvu zake. Pale Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, watu waliitazama kahawa mkononi, na hukumu ikatoka kabla ya kikombe kumalizika: hawa wana pesa hawajui pa kuzitia. Mwengine akasema ni aibu kukipigia makofi chuma kilichokuwa kikisaga watu. Wa tatu, mtu mzima wa heshima yake, akauliza tu: "Kinakula mafuta kiasi gani?"

Masuala yote matatu ni ya haki na nitayarudia. Lakini mtu anayehukumiwa pale barazani mimi simtambui.

Bovington ni makumbusho, yana wafanyakazi na wafadhili. Wanaonishughulisha zaidi ni raia wa kawaida, huko Uingereza, Ubelgiji na Marekani, wanaonunua kwa fedha zao mabaki ya Sherman, kifaru cha Kimarekani kilichotengenezwa kwa idadi inayokaribia 50,000, wakayaweka bandani nyuma ya nyumba na kuyashughulikia kila mwisho wa wiki kwa miaka. Wengi wao hawakuwahi kuwa wanajeshi. Ni mafundi, wakulima, wastaafu wa viwandani. Ukiwasikiliza wakizungumza utachoka kusubiri neno "vita". Watakwambia habari za beringi, za mipira ya magurudumu iliyooza, na za pini za mnyororo ambazo hazitoki mpaka uzichome moto.

Chukua injini peke yake. Sherman nyingi za mwanzo zilifungwa injini ya ndege, Continental R975, yenye silinda tisa zilizopangwa duara. Injini ya namna hii ikikaa bila kuwashwa, oili hushuka taratibu na kujaa kwenye silinda za chini. Ukipiga stata hapo hapo, pistoni inakutana na oili isiyobanika, na konrodi inapinda. Ndiyo maana askari walifundishwa kutia hendeli kwa nyuma na kuizungusha injini kwa mkono, mizunguko mingi, kabla ya kugusa stata. Maagizo hayo yamo katika kitabu cha kifaru na yeyote anaweza kuyasoma. Kisichomo kitabuni ni ule uzito unaousikia mkononi pale oili inapokataa kupita, na ukajua kwamba hapa usimame, ufungue plagi, uimwage kwanza. Ujuzi huo unaishi kwa watu, na watu hao wakifa bila kumwonesha mwengine, basi umekwisha hata kama kitabu kipo.

Sisi Wazanzibari ndio tunaopaswa kulifahamu hili upesi kuliko wengi. Ingia gereji yoyote kule Mwanakwerekwe utamkuta fundi anakata gasketi ya gari ambayo kiwanda chake kimeshaisahau. Analaza karatasi ngumu juu ya mdomo wa injini, anachukua nyundo ndogo, anagongagonga pembezoni kwa subira mpaka ukingo wa chuma wenyewe unaikata karatasi sawasawa na ulivyo, tundu kwa tundu. Mpeleke fundi huyo kwenye banda la mwenye Sherman: hatouliza kwa nini unafanya kazi hii. Atauliza bushi zimekerezwa wapi.

Sasa mafuta, maana hili ndilo linalotajwa kama pigo la mwisho na halijibiwi. Sherman yenye injini hiyo ilikuwa na matangi ya lita kama 660, na kwa lita hizo ilikwenda kiasi cha kilomita 190 barabarani. Gawa mwenyewe: karibu lita tatu na nusu kwa kila kilomita moja. Kutoka mjini mpaka Nungwi, safari ya kilomita kama 60, ni lita zaidi ya 200 za petroli, kwenda tu. Ukilitaja hili barazani watu wanaguna, na wana haki ya kuguna. Lakini hesabu hiyo ni ya kifaru kinachokwenda vitani. Cha hobi hakiendi Nungwi. Kinatolewa bandani siku chache kwa mwaka, kinazunguka uwanjani, watoto wanaziba masikio, kinarudishwa. Kikitembea kilomita kumi mwaka mzima kimekunywa lita kama 35, ambazo hazijazi tangi la gari dogo la kawaida. Nimeipiga hesabu hii mara mbili kwa sababu mwenyewe sikuiamini. Wenye boti za kuwatembeza watalii wanajua lita 35 zinaisha kwa muda gani, na hakuna anayewaita wendawazimu. Kwa hiyo anayeuchukia mchezo huu atafute sababu nyengine.

Gharama ya kweli ni spea na miaka. Hapa hoja ya wapinzani ina uzito: fedha hizo zingechimba visima, zingesomesha. Sina la kuipinga, isipokuwa kwamba hatuielekezi kwa kila mtu. Pemba wapo wanaolisha na kumtunza fahali mwaka mzima kwa ajili ya mchezo wa ng'ombe, na wanasifiwa kwa kuhifadhi mila. Harusi zetu sizitaji.

Hoja nzito kuliko zote ni ya utukuzaji wa vita, na ili nisiionee nitaanza na mfano mbaya. Mwaka 2015 huko Heikendorf, karibu na Kiel, Ujerumani, wakuu waliingia nyumba ya mzee mmoja wakakuta handakini mwake kifaru kizima cha aina ya Panther, pamoja na torpido na mzinga wa kudungulia ndege. Jeshi lilichukua saa nyingi kukikokota nje. Mwaka 2021 mahakama ilimpa kifungo cha nje na faini ya euro 250,000. Mtu anayeficha silaha ya utawala wa Hitler chini ya sebule yake hawezi kushangaa majirani wakimtilia shaka. Wapo wakusanyaji wa namna hiyo, wanaokipenda kifaru kwa sababu ya alama iliyochorwa ubavuni, na kuwatetea hao siwezi.

Lakini weka pembeni yake Ken Small. Huyu alikuwa mwenye nyumba ya wageni katika kijiji cha Torcross, kusini-magharibi mwa Uingereza. Kila akitembea ufukweni alikuwa akiokota vifungo vya nguo za askari, risasi, sarafu, na akawa anajiuliza vinatoka wapi. Wavuvi wakamwambia kuna kitu chini ya maji, zaidi ya kilomita moja kutoka ufukweni, ambacho nyavu zao hunasa. Kilikuwa kifaru cha Sherman, kimezama wakati wa mazoezi ya vita. Mwaka 1974 alikinunua kwa serikali ya Marekani kwa dola 50. Kukinunua ilikuwa rahisi. Kukitoa kulimchukua miaka kumi, na mwaka 1984 kikavutwa mpaka nchi kavu, kikapakwa rangi nyeusi ya kuzuia kutu, kikasimamishwa hapo hapo kijijini. Hakiwaki wala hakitembei. Small hakukitaka kitembee. Alikitaka kisimame kwa ajili ya Wamarekani 749 waliokufa usiku wa kuamkia tarehe 28 Aprili 1944, pale boti za Wajerumani zilipouvamia msafara wa meli uliokuwa katika mazoezi ya kutua Normandy, pwani ya Ufaransa. Wakati ule habari ilizimwa ili siri ya mpango wa kutua isivuje, na baada ya vita haikupata wa kuisimulia kwa sauti kubwa. Mtu mmoja mwenye hobi isiyoeleweka ndiye aliyewapa wafiwa mahali pa kuweka maua.

Idadi hiyo, 749, nimekaa nayo muda mrefu kwa sababu ya idadi nyengine. Tarehe 12 Februari 1944, miezi miwili na nusu kabla ya usiku ule, meli ya Khedive Ismail ilikuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Karibu na visiwa vya Maldivi nyambizi ya Wajapani iliipiga torpido, ikazama chini ya dakika mbili. Meli za ulinzi zikatupa mabomu ya kuulia nyambizi pale pale manusura walipokuwa wakielea, kwa sababu nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Walikufa watu 1,297. Wengi wao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wa pwani na bara waliokuwa wakipelekwa upande wa Burma. Ni bahari yetu hii hii, ni watu wetu, na idadi ni karibu mara mbili ya ile ya Torcross. Skuli sikusomeshwa habari zao, na kila ninayemuuliza hapa mjini, wakiwemo walimu wa historia, hunijibu kwa kuniuliza: meli gani hiyo?

Sisemi kwamba tofauti yote imeletwa na kifaru kimoja cheusi. Wamarekani wana magazeti, wana wabunge, wana fedha. Ila chuma kinachoonekana humlazimisha mpita njia kuuliza, na mtoto haulizi habari za kitu asichokiona.

Hapa mpinzani makini ananikamata, na ananikamata vizuri. Atasema: chuma kinachobaki ni cha aliyeshinda. Tarehe 20 Septemba 1914 manuwari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa bandarini kwetu, mitambo imefunguliwa kwa matengenezo, pale Königsberg ya Wajerumani ilipotokea na kuipiga kwa mizinga iliyofika mbali kuliko ya kwake. Mabaharia wa Pegasus wana makaburi yao katika kisiwa cha Chapwani, na mzinga wake mmoja umetunzwa Fort Jesus, Mombasa, ubavuni mwa mzinga wa Königsberg yenyewe. Sasa angalia meli yetu. Glasgow, aliyoiagiza Seyyid Barghash, ilizamishwa na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896 katika vita vile visivyofika saa nzima, ambavyo upande wa Zanzibar watu kama 500 walikufa au kujeruhiwa. Milingoti yake ilibaki imechomoza majini mbele ya mji mpaka 1912, ndipo mabaki yakavunjwa na kuondolewa. Hakuna aliyeifufua. Na wapagazi waliokufa wakibeba mizigo ya jeshi la Kiingereza Afrika Mashariki baina ya 1914 na 1918, ambao wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, hawakuacha chuma cha mtu yeyote kukifufua. Waliacha njia walizozipita. Ukifuata vyuma peke yake, utaandika historia ya wenye vyuma.

Hoja hii naikubali yote. Ninachokataa ni pale inapotumika kusema basi vyuma viachwe vioze. Beit el-Amani lilijengwa kwa kumbukumbu ya vita hivyo vya kwanza na likafunguliwa mwaka 1925. Jengo lipo, kuba lake linaonekana mbali, na wanaopita mbele yake bila kujua lilijengewa nini ni wengi mno. Kitu kukaa kimya hakijamsaidia mpagazi hata mmoja. Afadhali mzinga wenye kibao kinachotaja walioubeba kuliko mahali patupu. Na kibao hicho huandikwa na mtu aliyejali, ambaye mara nyingi ndiye huyo huyo aliyetumia miaka akikwangua kutu.

Je, hobi hii ina nafasi hapa kwetu? Kwa kifaru chenyewe, hapana. Ulinzi na usalama ni mambo ya Muungano, na siuoni mlango ambao raia wa Chake Chake angepitia kuomba kibali, hata mzinga ukiwa umezibwa kwa chuma na kupigwa weldi. Naona ni sawa. Nchi yenye kumbukumbu za 1964 haihitaji kifaru cha mtu binafsi kinachonguruma mtaani siku ya Jumapili, na anayesema hivyo simwiti mwoga.

Lakini tunazo mashine nyengine, na kwazo hatujaonesha huruma yoyote. Reli ya Bububu wengi wetu tunaijua kwa picha. Gari ya Zephyr aliyoitumia Mzee Karume iliwekwa Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho, na wageni walisimama mbele yake kuliko mbele ya maandishi mengi ya ukutani. Kisha ikaja Disemba 2020 na sehemu ya jumba lenyewe ikaporomoka. Malori yenye bodi za mbao, yale ya chai maharage yaliyowabeba wazazi wetu na magunia ya karafuu, yanapungua kila mwaka, na mafundi waliokuwa wakizichonga zile bodi nao ni wazee sasa.

Lori bovu likikaa uani, wa kwanza kubisha hodi ni mnunuzi wa skrepa. Ana mizani, ana pesa taslimu, na ikifika magharibi lori limeshakatwa vipande. Mwenye lori akimwita fundi ataambiwa spea hakuna, zikerezwe, asubiri, na mwisho wa kusubiri hakuna atakayelinunua kwa bei inayolipa taabu hiyo. Kwa hesabu ya kilo skrepa anashinda kila siku. Anayeweza kumshinda ni mtu mwenye fedha zake na muda wake ambaye hesabu hiyo haimshughulishi, yule yule tuliyemcheka pale Jaws Corner.