Proksi mbele ya RabbitMQ: ina faida, ina mitego

Ukishakuwa na klasta (kundi la seva zinazoshirikiana) yenye seva tatu za RabbitMQ, programu inayotunza ujumbe kwenye foleni hadi programu nyingine iuchukue, swali halichelewi: kila programu iandikiwe anwani zote tatu, au mbele ikae proksi moja, yaani mpokeaji wa katikati anayeelekeza miunganisho kwa seva, tuseme HAProxy, na programu zisijue kilichoko nyuma?

Wanaotetea proksi wana hoja nzito. Leo seva imekufa, kesho umeleta mpya yenye anwani nyingine. Bila proksi utafungua mipangilio ya kila programu, hata ile iliyoandikwa na kijana aliyeacha kazi zamani. Ukiwa nayo unabadilisha mstari mmoja, basi.

Lakini foleni ya ujumbe si tovuti. Kivinjari huomba ukurasa, hupewa, huondoka. Programu inayopokea ujumbe hufungua muunganisho na kukaa nao siku nzima, pengine wiki, ikisubiri. Chukua HAProxy kama inavyokuja kwenye Linux ya Debian. Faili lake la mipangilio lina `mode http`, yaani inatarajia lugha ya tovuti, kwa hiyo zikifika herufi za kwanza, "AMQP", jina la lugha ya RabbitMQ, haizielewi na inazikataa. Ukiweka `mode tcp`, ipitishe data bila kuisoma, unapita, ila unakutana na `timeout client 50000`: sekunde 50 za ukimya na muunganisho unakatwa. Kwa kawaida RabbitMQ hutumia mapigo (heartbeat, ishara fupi za "bado nipo") ya sekunde 60, na pigo hutumwa kila nusu ya muda huo, yaani sekunde 30, kwa hiyo mnapona. Akitokea mjuaji akayazima pande zote mbili eti apunguze trafiki, foleni tulivu itakatika ovyo, na lawama ataibeba RabbitMQ wa watu.

Tena kwenye orodha ya miunganisho kila programu itaonekana imetoka anwani ya proksi. Dawa ni `proxy_protocol = true` kwa RabbitMQ na `send-proxy` kwa HAProxy, ili proksi ipeleke anwani halisi ya programu, ila ukishaiwasha, anayekuja moja kwa moja hapokelewi tena.

Na proksi yenyewe ikianguka? Seva zote tatu ziko hai, hakuna anayezifikia.

Mimi, programu zikiwa mbili tatu za Java, naandika anwani tatu na kulala; maktaba yake inapokea orodha. Zikiwa ishirini za lugha nne, naweka proksi, lakini ziwe mbili, programu ya keepalived ikihamisha anwani moja kati yao, moja ikianguka.