Sogea kushoto kidogo, mnara uingie

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mama mdogo mjini kuangalia maghorofa. Kaja huku Chicago kumwona mjukuu, ana wiki ya tatu sasa na kazi yake kubwa ni kulalamika kwamba maharage ya huku hayaivi kama ya Morogoro, nikaona bora nimtoe nje. Kavaa kitenge chake, juu kapiga koti la baridi la mke wangu linamfika karibu na vifundo vya miguu, kasema anataka picha moja tu na lile ghorofa jeusi refu, awarushie wenzake wa kikoba.

Tukafika chini ya Sears, ndo jina la hilo ghorofa. Nimeinua simu, nahangaika, mnara hauingii, maana ghorofa la mita 442 ukilisogelea unaambulia miguu yake tu, mara naona mlinzi katoka mlangoni anakuja upande wetu. Wadau, kabla sijawaza chochote simu ilikuwa imeshaingia mfukoni. Mkono wenyewe uliamua. Mama mdogo naye kageuka anajifanya kuangalia magari, ananinong'oneza, "Baba, mwambie tulikuwa tunaondoka."

Jamaa kafika anacheka. Eti nimpe simu atupige wote wawili. Akapiga, akaiangalia, akasema hii haifai, vukeni muende pale darajani, mtoni, ndo mnara unaingia wote, na mama asogee kushoto kidogo. Njia nzima kuelekea darajani mama mdogo ananiuliza, "Sasa huyu atataka shilingi ngapi?" Hakutaka kitu. Alisharudi ndani zamani.

Nimekaa na hili jambo wiki nzima na najua nikilisema kuna watu watanipandia, ila wacha niseme.

Desemba nilikuwa Dar na kijana wangu, ana miaka saba, ndo mara yake ya kwanza kuona nyumbani. Tumeshuka mwendokasi Kivukoni tunatembea kuelekea Posta, akaona ghorofa moja refu la vioo, silitaji, akasema baba nipige na hilo. Nilikuwa nimejaa raha yaani, mtoto kazaliwa kwenye mji wa maghorofa halafu anavutiwa na la kwetu, we acha tu. Nikapiga. Mlinzi sijui katokea wapi, "We kaka! We kaka! Nani kakuruhusu kupiga picha hapa?" Namwambia niko barabarani, jengo liko nje, na huyu ni mtoto. "Nasema futa, au twende ndani ukaongee na bosi." Nikafuta, na yeye kainamia simu kabisa ahakikishe. Tulipofika mbele dogo ananiuliza, baba, kwani tulikuwa tumeiba?

Sasa hapo ndo ugomvi wangu ulipo. Kila likizinduliwa ghorofa kwetu tunaambiwa ndilo refu kuliko yote, la kisasa, nembo ya jiji, fahari ya taifa, wanakata utepe, halafu kesho yake fahari ya taifa ukiitazama kwa simu unafokewa. Nembo ya nani sasa? Nembo si ni kitu cha watu kukitazama?

Na huo urefu wenyewe ni sifa ya kukodi. Hili la Sears lilimalizika miaka ya 70 mwanzoni, ghorofa 110, likawa refu kuliko majengo yote duniani mpaka 1998 walipokuja Petronas wa Kuala Lumpur na minara yao. Leo hata hapa Marekani siyo la kwanza, New York wamelipita. Halafu uliza watu wa Chicago kama wamepungukiwa na kitu. Wala. Wanalipenda vilevile, wanalitukana vilevile, ukipotea mjini unainua kichwa unalitafuta.

Nililolipenda zaidi ni habari ya aliyepiga hesabu za kulisimamisha, Fazlur Rahman Khan, mtu wa Dhaka, kaja huku kusoma miaka ya 50 kama sisi tunavyokuja. Alichofanya, kachukua nguzo tisa za mraba zenye uwazi ndani, kazibananisha pamoja kama mtu anavyofunga mzigo wa miwa. Muwa mmoja upepo unaupindisha, tisa zikishikana haziendi popote, na mji huu una upepo wa kukung'oa kofia mpaka na nywele. Ukisimama pale darajani unaona nguzo hazifiki juu zote, mbili zimeishia ghorofa ya 50, nyingine 66, nyingine 90, mbili tu ndo zimeendelea mpaka juu. Kona ya mtaa pale chini wameipa jina lake. Nilimwonyesha mama mdogo kile kibao, nikamwambia huyo alikuwa mgeni, mama, mhamiaji kama mimi. Akasema, "Na wewe basi jenga hata choo nyumbani." Sawa, tuendelee.

Baadaye nikampeleka kwenye ile sanamu wanayoiita Maharage. Msanii wake Anish Kapoor aliipa jina zuri tu, Lango la Wingu, wananchi wakaitazama wakasema hapana, hili ni haragwe, na haragwe likabaki mpaka leo. Urefu wake ni mita 10. Mita 10 wandugu! Nyumba ya ghorofa tatu. Ila watu wanaoizunguka siku ya Jumamosi ni kama wamegawiwa kitu, kwa sababu ni chuma kinachong'aa kama kioo, mabamba 168 yameunganishwa na kusuguliwa mpaka huoni yalipoungwa, ukikaribia unaona maghorofa yote ya mji yamejikunja nyuma yako na wewe uko katikati umekuwa na kichwa kikubwa. Kila mtu anapiga. Bibi harusi, watoto wa shule, mlevi mmoja alikuwepo. Mama mdogo kalizunguka mara mbili, kaligonga kwa kucha, kasema, "Nalo hili halijaiva."

Na msidhani huku ni peponi. Mwaka 2005, hilohilo Maharage bado jipya, walinzi walikuwa wanawazuia wapigapicha wenye makamera makubwa, eti kibali kiko wapi, ikawa kelele mjini. Na juu ya Sears kwenye vile visanduku vya vioo kupanda ni hela, nilitoa ya kula siku tatu na mama mdogo kafumba macho muda wote. Lakini chini pale, barabarani, jicho halina tiketi.

Jina nalo ni hivyohivyo. Mwaka 2009 jengo lilibadilishwa jina likaitwa Willis, jina la kampuni ya bima iliyopanga mle ndani. Kibao kimeandikwa, barua zimeandikwa, watu wakaendelea kusema Sears, japo Sears wenyewe, wale wenye maduka, walishahama miaka ya 90 na 2018 wakafilisika. Mimi hili linanifurahisha kwa sababu ndo akili ya konda wa Dar. Konda hamsomi mwenye jengo. Kuna kituo kinaitwa Sinza kwa Remmy, marehemu mwanamuziki Remmy Ongala katutoka 2010 na bado kila siku watu wanashushwa kwake. Kitu kikiingia kwenye mdomo wa konda kimeshakuwa alama, hakihitaji uzinduzi.

Tazama hata Askari Monument ya Dar. Kale kasanamu tangu 1927, ka askari kainamia mbele na bunduki, singe inaelekea bandarini, maghorofa yamemzunguka mpaka anakosa hewa, ukimpima na hayo ni kidole. Ila mwambie mtu tukutane Askari uone kama atapotea. Halafu mwambie tukutane kwenye lile jengo refu la vioo. Atakuuliza, lipi?

Sasa nawasikia. "Umekaa huko miaka yote hiyo umeshaanza kujiona." Mimi? Mimi ninayefuta sakafu za watu usiku hapa? Najiona nini. Aliyejiona angesema kwetu hakuna kitu, mimi nasema vipo, tena vizuri, ndo maana nimenuna. Ningekuwa nadharau nisingeinua simu.

Kuna mwingine atakuja na usalama. Haya, usalama. Agosti 7, 1998 naikumbuka, mabomu kwenye balozi za Marekani, Dar na Nairobi siku moja, sibezi, watu walikufa. Na Ikulu, kambi za jeshi, sibishi hata kidogo, pita na simu yako mfukoni. Lakini jengo la ofisi na benki chini na mgahawa? Hawa wenzetu 2001 waliangushiwa minara miwili na ndege, wana sababu ya kuogopa kuliko mtu yeyote, na bado mlinzi anakuelekeza pa kusimama. Mtu mbaya anataka nini na picha ya mtoto wa miaka saba mwenye fulana ya Simba? Ghorofa lote liko kwenye ramani za intaneti, na paa lake linaonekana, mpaka tenki la maji. Anayezuiwa pale ni mimi tu na mwanangu.

Na mlinzi mwenyewe simlaumu sana, kapewa amri, labda bosi naye kapewa na bosi wake, na ukifika juu kabisa ukauliza ni kwa nini utakuta hakuna anayejua.

Hapa kwa kweli Wakenya wametuzidi, naandika hili nikiwa nimekunja uso. KICC yao, lile jumba la mikutano la Nairobi, ina mita 105 tu, ya mwaka 1973, umri mmoja na Sears. Nairobi kuna maghorofa yameipita mbali, Britam ina mita 200, lakini funga macho useme Nairobi uone kinachokuja kichwani. Aliichora Mnorwe Nøstvik na Mkenya David Mutiso. Unalipa, unapanda, unatoka mpaka juu ya paa pale inapotua helikopta, unapiga mji mzima. Na Katiba yao ya 2010 ilipokataza sura ya mtu kwenye hela, noti mpya za 2019 zote wakaweka nini? KICC. Jengo limeingia mpaka kwenye soksi ya bibi.

"Sisi tuna Kilimanjaro, maghorofa ya nini." Nilikuwa nakusubiri wewe hasa. Mita 5,895, nimepiga hesabu, Sears 13 zikibebana bado hazijafika kileleni. Sawa. Sasa niambie kwa nini kila wiki hapa kazini kuna mtu ananiambia Kilimanjaro iko Kenya, tunagombana mpaka mapumziko yanaisha. Ni picha, ndugu yangu. Tembo mbele, theluji nyuma, imepigwa Amboseli, upande wa pili wa mpaka. Mlima wetu, udongo wetu, lakini aliyeweka watu mahali pazuri pa kusimama na kamera ndo kabeba jina. Mnalia na Wakenya, wao kosa lao ni kusema karibu, piga.

Zanzibar sitaki hata kuanza. Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, Sultani Barghash kajenga 1883, likaja kuwa na umeme na lifti wakati wengine huko pwani wanawasha kibatari, mabaharia wanaanza kuona lenyewe kabla ya mji. Mwaka 1896 Waingereza waliipiga kwa mizinga kasri ya jirani, lenyewe likabaki. Siku ya Krismasi 2020, liko kwenye ukarabati, likaporomoka upande na kuua watu. Mtu akisema sisi hatuna majengo ya kutambulika duniani, huwa natulia kwanza.

Mama mdogo picha yake ya darajani imeshafika Morogoro, mnara umeingia wote na antena zake mbili, kikoba kizima kinauliza hilo koti ni la nani.

Na ile ya Posta ninayo. Simu haifuti mara moja, inaweka pembeni siku kadhaa, usiku ule nyumbani Mbagala nikaingia nikairudisha. Imepinda, juu ghorofa limekatika, dogo kafumba jicho moja. Kule kona ya chini, mdogo kama sisimizi, mlinzi anaonekana anakuja mbio kashika kofia.