Maji Yatafika Wapi?

Kwenye ukuta wa sebule ya shangazi yangu, Kigogo jijini Dar es Salaam, kuna mstari mweusi wa mkaa, juu kidogo ya swichi ya taa. Aliuchora mwenyewe Desemba 2011, maji ya mafuriko ya Mto Msimbazi yalipopungua akarudi nyumbani kukomba matope. Nyumba imepakwa rangi mara mbili tangu wakati huo, na mara zote mbili alisimama nyuma ya fundi kuhakikisha mstari hauguswi.

Masika fulani, mvua zikiwa zimekolea, nilimpigia simu. Baada ya shikamoo nikamsomea tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa: mvua kubwa, zaidi ya milimita 50 kwa saa 24. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sawa mwanangu, lakini hayo maji yatafika wapi?"

Sikuwa na jibu. Naamini kila anayetengeneza programu ya simu, mfumo wa ujumbe au ramani ya majanga kwa ajili ya watu wetu angeanza na swali hilo, tungekuwa mbali sana leo.

Jibu lenyewe, kwa sehemu kubwa, lipo, tena lilikusanywa kwa jasho la vijana wetu. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza kuchora kata za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko. Droni zilipiga picha kutoka juu, kisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaingia vichochoroni Tandale, Mzimuni, Hananasif na kwingineko, simu mkononi, wakitembea na wenyeji. Waliandika nyumba, njia, mifereji. Yote yakawekwa kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, ambako yeyote anaweza kuyafungua bure.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kuwauliza wakazi mafuriko yaliyopita yalifika wapi. Droni ina mwisho wake. Inaona mabati. Haioni kwamba kalvati lile limezibwa na taka tangu mwaka jana, wala kwamba maji ya uchochoro huu huwa hayaji kutoka mtoni, yanarudi nyuma kupitia mfereji. Hayo anayajua mama anayekaanga vitumbua pale kona, kwa sababu ndiye aliyehamisha jiko lake mara tatu. Alipoulizwa na jibu lake likaingia kwenye ramani, alitambuliwa kuwa mtaalamu wa mtaa wake.

Kinachoniuma ni kwamba maarifa yale yalitoka kwa watu, yakapanda juu, na hayajarudi kwao kama inavyopaswa. Niliwahi kuingia ofisi moja ya mtaa nikaikuta ramani nzuri, ya rangi, imekunjwa juu ya kabati, imejaa vumbi. Ramani ile ilipaswa kuwa ukutani, kwenye urefu wa macho, mtu anayekuja kufuata barua ya utambulisho aione nyumba yake wakati anasubiri mhuri.

Na kuna mambo ambayo hata mwenyeji wa miaka mingi hayaoni kutoka mlangoni kwake. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Mvua inaweza kupiga huko, Kigogo kukiwa na mawingu tu, na maji yakashuka. Ujumbe mfupi unaosema "mto unajaa juu, walio bondeni sogezeni vitu" ungemfikia shangazi kwenye kitochi chake bila bando wala intaneti. Mjumbe wa shina angeuchukua akaupeleka kwa asiye na simu kabisa, na msikiti una kipaza sauti.

Nafikiria pia Katesh, mkoani Manyara. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka baada ya mvua kubwa, matope na mawe yakaushukia mji, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Bondeni kwetu watu wana kumbukumbu ya maji. Lakini nani angemfundisha mtoto wa Katesh kuuogopa mlima aliouona kila asubuhi ya maisha yake? Mahali kama hapo, ambako hakuna mstari wa mkaa ukutani, picha za setilaiti na za droni zina kazi kubwa kuliko kwetu, mradi zionyeshwe kwa wanaoishi chini ya mteremko na kuelezwa kwa Kiswahili cha kawaida.

Kama ningepewa nafasi ya kuchagua pa kuanzia, ningeanza na shule za msingi. Simu moja ya mwalimu inatosha. Watoto waitafute shule yao kwenye ramani, wafuate mto kwa kidole, kisha waende nyumbani na swali moja la kuwauliza wakubwa.

Nililijaribu kwa mjukuu wa shangazi, yuko darasa la nne. Tulifungua ramani kwenye simu yangu, akaikuta nyumba yao, akaanza kuhesabu mapaa kutoka pale hadi mtoni. Alipofika kumi akanyamaza, akamgeukia bibi yake: "Bibi, yaliingilia mlango gani?"

Shangazi akainuka, akamwonyesha mlango wa uani, halafu akamvuta mpaka ukutani, akamsimamisha chini ya mstari. Ulikuwa juu ya kichwa chake. Mtoto akaunyooshea mkono, akaugusa, kisha akauliza madaftari yake yatawekwa wapi. Jioni ile walishusha masanduku ya zamani kutoka kwenye kenchi ili kupata nafasi.