Wanacheka Nini na Hakujakucha?

Mimi sijui hawa watu hulala saa ngapi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Rongai, nje kidogo ya Nairobi, bado ni giza, baridi inauma hadi kwenye fizi, abiria tumejikunyata ndani ya matatu na hakuna anayetaka hata kuguswa bega. Kwenye redio watu wawili wanacheka. Hawajasema kitu! Hata salamu haijatoka. Mmoja amesema "Aisee!" na mwenzake ameangua kicheko mpaka akapaliwa. Aisee nini? Tuambieni na sisi tucheke, ama mngoje kukuche.

Kipindi chenyewe sikitaji. Nikikitaja utaniambia si hicho, ni kile kingine, na vyote vimeshonwa na fundi mmoja. Kuna wa sauti nzito, mzee wa busara wa kujiteua. Kuna wa sauti nyembamba, ambaye ameajiriwa kucheka. Analipwa mshahara, ana bima, ana likizo ya mwaka, na kazi yake ni "Woi! Woi! Jamani mbavu zangu!" Mimi ni karani wa stoo kule Industrial Area, nahesabu katoni za misumari. Nikicheka kazini meneja huja kuuliza ni nini kimepotea.

Halafu kuna dada wa habari za barabara. Katika genge lile lote huyu ndiye mtu pekee ninayemhitaji, kwa sababu sisi wa Magadi Road tukishafika Bomas kukutana na wa Lang'ata Road, hapo ndipo huamuliwa kama utafika kazini ama utatuma ujumbe wa kuomba msamaha. Dada anaanza vizuri kabisa: "Kwa wale mnaotoka Rongai, pale Bomas kuna..."

"Ngoja kwanza," anamkata sauti nzito. "Hayo ya Bomas watayaona wenyewe. Wewe moyo wako una msongamano, ama kuna kanjia?"

Sauti nyembamba inaanguka chini. Nasikia kabisa inavyoanguka, yenyewe na kiti chake. Dada naye anacheka, afanyeje, ni kazi. Wakitosheka, wimbo. Sasa Bomas kuna nini? Ajali? Polisi? Ng'ombe wanavuka? Tunafika tunajionea wenyewe, injini imezimwa, dereva ameshuka kununua njugu.

Na usidhani unaweza kuomba sauti ipunguzwe. Redio ya matatu ni mali ya dereva, na spika ni mali ya magoti yako. Kiti cha nyuma spika iko chini ya makalio, ile kubwa ya kubeba nyimbo za vijana jioni, na asubuhi ndiyo inayobeba kicheko. Siku moja mzee mmoja mwenye kofia ya kanisa alithubutu kusema, "Kijana, teremsha kidogo." Makanga akamgeukia kwa heshima zote: "Guka, yaani babu, hii ni matatu, ambulensi imepita mbele." Gari zima likacheka. Mzee pia akacheka. Hivyo ndivyo wanavyotushika.

Tuje kwenye mada. Kila siku kuna mada, na mada ni ileile imebadilishwa shati. Leo: mume amwonyeshe mke karatasi ya mshahara? Kesho: mke apewe nambari ya siri ya simu? Keshokutwa: mama mkwe akija kukaa, akae siku ngapi? Kisha inarudi ya mshahara, wakijifanya hawajawahi kuiona. Simu zinapigwa. Bwana mmoja kutoka Embakasi anasema mkewe anajua nusu ya mshahara wake tu, na nusu hiyo inatosha kuwaletea amani. Sauti nyembamba, "Woi!" Mama aliyekaa karibu nami, ana kapu la sukuma wiki mapajani, ananigeukia polepole ananitazama kutoka viatu hadi kipara. Mama, si mimi niliyepiga simu! Simu yangu iko mfukoni, haina hata salio!

Na ukitaka kujua nani ni mtaalamu wa ndoa nchini Kenya, panda matatu wakati wa mada. Makanga hana mke, hana mchumba, ana mbuzi mmoja kwao Kangundo. Ndiye anayetoa mwelekeo: "Mwanamke usimwambie pesa, mwambie bajeti." Watu wazima wenye ndoa za kanisani wanatikisa vichwa.

Huko nyuma redio haikuwa na utani huu. Babangu alikuwa na redio moja na kituo kimoja, Sauti ya Kenya, ile iliyokuja kuitwa KBC mwaka 1989, na ikiwaka watoto tunanyamaza hata kabla hatujaambiwa. Marehemu mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alianza kutuuliza "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966, na hakuchoka kuuliza kwa miongo mingi baada ya hapo. Alikuwa anasimulia habari ya mtu aliyekwenda kwa watu wakati wa chakula bila kualikwa, halafu anauliza: je, huu ni ungwana? Babangu anajibu kwa sauti, "Hapana!" na anatutazama sisi, ambao hatukuwa tumekwenda popote. Mbotela huyohuyo ndiye waasi walimwamrisha mwaka 1982, Agosti mosi, awatangazie Wakenya kwamba serikali imepinduliwa. Alifariki Februari 2025. Mimi husema mtu aliyepitia asubuhi hiyo alikuwa na haki ya kuja redioni kucheka bila sababu, lakini yeye hakucheka, aliendelea kutuuliza kuhusu ungwana.

Basi mwaka 1996 ikaja Capital FM, kituo cha binafsi, mlango ukafunguka, wengine wakafuata, na siku hizi ukizungusha kile kinobu nywele moja tu umeshavuka vituo vitatu, na vyote vinacheka.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Wako wanaoweza. Daniel Ndambuki, huyo mnayemjua kwa jina la Churchill, alipokuwa Mwalimu King'ang'i pamoja na Maina Kageni kwenye redio ya Classic 105, alichukua lafudhi yetu ya Ukambani akaifanyia kazi nzuri kuliko sisi wenyewe tulivyowahi kuifanyia. Ugomvi wangu ni na wenzangu wa stoo. Mimi nikisema neno lolote, hata "leta lisiti," lazima mmoja arudie kwa mdundo wa mwalimu. Umekuja kufanya kazi ama umekuja kunihoji?

Na Gidi na Ghost wa Radio Jambo, na lile jambo lao la Patanisho, la kuwapatanisha waliokosana, hapo hata mimi hutega sikio. Hebu fikiria. Ghost ni Jacob Mulee, kocha aliyeipeleka Harambee Stars, timu yetu ya taifa ya soka, kwenye Kombe la Afrika la 2004 kule Tunisia, tukaifunga Burkina Faso 3-0. Mtu aliyekaa benchi akapanga ushindi huo, sasa anakaa asubuhi kusikiliza nani alibeba sufuria wakati wa kuachana. Bwana anapiga simu, anaeleza kosa lake nusu, nusu nyingine anaificha. Gidi anampigia mke. Mke anaposhika ndipo ile nusu nyingine inatoka, na Ghost anacheka kile kicheko chake ambacho hakina breki. Lakini angalau hapo kicheko kina mzazi. Kimezaliwa na kitu.

Hawa wangu wa alfajiri wameona Patanisho inavuta watu, wakaanzisha yao, wakaibandika jina jingine. Wiki iliyopita akapiga bwana kutoka Kitengela. Sauti ya upole, mtu wa kukaa mstari wa mbele kanisani. Anasema mkewe alirudi kwao miezi miwili sasa, na yeye hajui alimkosea nini. Hajui kabisa! Ndani ya matatu wanawake wote wakaguna kwa pamoja, bila kufanya mazoezi.

Wakampigia mke. Simu ikalia, ikalia, ikashikwa. Nyuma yake jogoo anawika, kwa hiyo tukajua ni kwao mashambani kweli.

"Habari ya asubuhi mama, uko hewani. Kuna mtu hapa anataka kukuomba msamaha."

Kimya. Jogoo tena. Halafu mama akasema, taratibu sana, "Mwambieni kwanza arudishe meko."

Gari likapiga kelele! Meko, ule mtungi mdogo wa gesi wa kilo sita! Makanga aliyekuwa ameshika noti zetu akasimama mlangoni, mkono hewani, nauli haihesabiwi tena. Dada mmoja alifika steji yake pale Galleria, dereva akasimama, dada akatoa kichwa, akatazama steji, akarudi kuketi. "Nitashuka mbele," akasema. Mbele ni wapi? Kazi yake iko hapo hapo Galleria!

"Meko gani?" anauliza sauti nzito, na safari hii hata yeye hachezi.

"Anajua," akasema mama.

"Bwana, unajua?"

Bwana akakohoa. Akasema, "Hiyo meko... hiyo meko ina historia."

Na hapo, ndugu zangu, hapo hasa, sauti nyembamba ikaanza kucheka. Akacheka mpaka mama akakata simu, mpaka bwana wa Kitengela akabaki anasema "halo, halo" peke yake. Na kabla hatujapumua, tangazo. Ploti za futi hamsini kwa mia, hati iko tayari, maji yapo, stima ipo, dakika tano kutoka lami. Dakika tano kwa nini, kwa ndege? Halafu tangazo la kamari, cheza shilingi hamsini uamke milionea, likisomwa na yuleyule mzee wa busara aliyetoka kutushauri tuweke akiba. Waliporudi, mada mpya. Meko imezikwa! Tunaingia steji ya Railways mjini watu thelathini na watatu, hakuna anayejua meko ilikwenda wapi.

Kuna jambo linalonikera zaidi ya hilo, acha niliseme kwa ufupi. Machi 2021, kwenye kituo kimoja cha Nairobi, watangazaji watatu walichukua habari ya dada aliyeanguka kutoka ghorofa ya 12 katikati ya jiji, aliyesema amesukumwa na mwanaume ambaye yeye alimkataa, wakaitia kwenye gumzo la asubuhi, na wakawa wanamlaumu yeye. Dada yuko hospitalini, wao wako kwenye utani. Mdhamini akajitoa, watatu wale wakafutwa kazi, Mamlaka ya Mawasiliano ikapiga kituo faini ya shilingi milioni 1 na kusimamisha kipindi miezi 6. Mimi sishangai ilivyotokea. Mtu aliyezoea kucheka kabla hajaambiwa, siku ataletewa msiba atacheka pia, halafu ndio atazame ni nini.

Mamlaka hiyohiyo ina kanuni zake: kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, redio iongee ikijua kuna watoto wanasikiliza. Wachekeshaji wetu wameitii kanuni kwa njia yao. Hawasemi neno chafu hata moja. Wanalima. Wanachanja kuni. Wanacheza mechi ya ugenini. Asubuhi nzima ni kilimo na michezo. Kulikuwa na mtoto wa gredi ya pili, sare imenyooshwa, chupa ya uji shingoni, amekaa kwa mamake. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa sauti ile ya watoto isiyo na siri, "Mami, kwa nini huyu baba analima usiku?"

Hakuna aliyecheka. Watu wazima wote tulitazama dirishani, na dirisha lenyewe lilikuwa na mvuke, huoni hata barabara. Mama akajibu, "Mchana kuna jua kali." Mwalimu wa sayansi akimuuliza mtoto huyo swali la kilimo, poleni.

Turudi kwenye meko, maana naona hata wewe inakusumbua. Nilifika stoo nikamkuta askari wa geti, ambaye redio yake haizimwi hata mvua ikinyesha ndani. Nikamuuliza kabla ya salamu. Akasema bwana aliiuza akacheza kamari. Ndani, msichana wa hesabu akasema hapana, bwana aliipeleka kwa mwanamke mwingine, tena na mtungi ukiwa umejaa. Meneja, mtu ambaye hapandi matatu wala hajui bei ya sukuma, akapaaza sauti kutoka ofisini kwake kwamba wote ni waongo, mama ndiye aliyeondoka nayo, na anajifanya tu ili asirudi. Alikuwa anasikilizia kwenye gari lake! Mchana kutwa hatukuhesabu misumari vizuri.

Jioni nikapanda gari lilelile, kwa bahati makanga ni yuleyule. Akanipa chenji, akainama sikioni kwangu. "Mzee wa stoo, nimepata. Meko ilikuwa ya mama mkwe. Aliwaazima tu, wapikie mgeni. Jamaa akaiuza."

Ya mama mkwe! Basi mimi sina la kumsaidia. Akae huko huko Kitengela, apikie mkaa.