Siku Niliyompenda Jirani Mpaka Watu Wakajaa

Jumapili ile mchungaji alisoma Luka 10, habari za Msamaria, na aliisoma kama mtu anayetudai. Wayahudi na Wasamaria, akasema, walikuwa hawapikiki chungu kimoja, lakini Msamaria ndiye aliyetia mafuta na divai kwenye majeraha ya yule aliyepigwa na wanyang'anyi, akampandisha juu ya mnyama wake, akamlipia nyumba ya wageni dinari mbili. Kuhani na Mlawi walishapita zamani, wana haraka zao. Kisha akarukia Mathayo 5: ukimpenda anayekupenda una thawabu gani, hata watoza ushuru si hufanya hivyo?

Benchi la tatu kulia likakohoa. Mtoza ushuru wa mwalo wetu wa samaki hapa Kibirizi, Kigoma, alikuwa amekaa pale na suti yake, mashine ya kukatia risiti imetuna mfukoni. Jumapili!

"Kila mmoja achague mtu ambaye moyo wake umemkataa," mchungaji akasema. "Wiki hii ampende. Bila masharti."

Sikuhitaji kufunga na kuomba ili nimpate wangu. Nikageuza shingo taratibu kumtazama jirani yangu wa kuanikia dagaa. Nikakuta yeye ameshageuka kitambo, ananitazama mimi.

Miaka miwili hatusemeshani. Au tuseme tunasemeshana kupitia mwanawe. Tumesimama hatua tatu, yeye anamwambia kijana, "Mwambie huyo mama maji yake ya dagaa yanaingia kwangu." Kijana ananigeukia, ananipa shikamoo, halafu ananieleza upya kana kwamba nina uziwi. Chanzo ni mchanga. Mimi naanika juu ya chanja, yeye anaanika chini ufukweni, na anadai chanja yangu inamzibia jua. Nami niliwahi kutamka mbele ya wateja kwamba dagaa za jirani ukizila unasaga meno. Mnunuzi mmoja kutoka Kongo alicheka, akahamia kwangu. Hilo hajanisamehe. Na mimi, niseme ukweli, nikilikumbuka bado natabasamu.

Basi Jumatano. Usiku ulikuwa wa giza, hakuna mbalamwezi, wavuvi wakapata vizuri, na asubuhi ufukwe mzima ukang'aa kama sahani mpya. Saa nane mchana jirani yuko msibani Ujiji. Mawingu meusi yakasimama juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Ilikuwa Novemba, na mvua ya huku haibishi hodi. Dagaa zikinyeshewa hazijakauka, vichwa vinakatika, zinaanza kunuka, na unachobaki nacho ni chakula cha kuku.

Wa kwanza kunijia alikuwa shetani: acha zilowe, bei yako itapanda. Nikamkumbuka Msamaria. Nikavuta ndoo, fagio na turubai, nikaenda kwa jirani. Zangu nitazirudia.

Dagaa za mchangani si za kuzoa. Unazifagia polepole, unazipepeta, la sivyo unabeba Kibirizi yote. Nilipiga magoti, kanga imejaa mchanga, moyo umejaa upendo, mpaka nikaanza kuimba. Ndoo ya nne, nikasimama kunyoosha mgongo.

Nikamwona mwanawe kwenye chanja yangu. Anakumba dagaa zangu kwa mikono miwili, anakimbiza ndoo nyumbani kwao.

Upendo uliniishia palepale.

"Mwiziii! Mwizi wa dagaaa!"

Mwaloni neno hilo hulisemi mara mbili. Walikuja wavuvi, wakaja wapakiaji, akaja mama ntilie na mwiko wake unadondosha uji. Wakamkuta kijana na ndoo yangu. Halafu wakanitazama mimi mpiga kelele, nimesimama kwenye mchanga wa jirani, na ndoo ya jirani, imejaa dagaa za jirani.

"Shikamoo mama," kijana akasema, anatweta. "Mama alisema mvua ikija nianze na zako. Eti ndiyo kazi aliyotupa mchungaji."

Na mvua ikashuka. Nusu ya zake ikalowa, nusu ya zangu ikalowa, na sisi sote tukalowa.

Jirani akafika kwa bodaboda, bado na kanga ya msibani kichwani. Akatazama ndoo, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili akanisemesha bila mkalimani.

"Umemwita mwanangu mwizi?"

"Nilikuwa nakupenda!" nikafoka.

"Na mimi nilikuwa nakupenda wewe, mpumbavu mkubwa!"

Mzee mmoja mvuvi akauliza kama tunaweza kurudia kuchukiana, angalau kulikuwa na utulivu.

Mtoza ushuru akapenya katikati ya watu na mashine yake. Mzigo wangu uko kwa jirani, mzigo wa jirani uko kwangu. Yeye habari za upendo hazimhusu, anahesabu ndoo. Tukalipa wote wawili, risiti zikalowa mkononi.

Jioni tulirudishiana. Zangu zilipungua kama nusu ndoo. Nilinyamaza, maana na mimi ile ndoo yake ya nne sikumbuki vizuri niliiweka wapi.

Jumapili iliyofuata mchungaji akauliza, "Nani aliweza?" Mimi nikatazama viatu vyangu. Jirani akatazama dari. Benchi la tatu kulia mkono ukanyooka, na mashine ikalia mfukoni.