Msisahau Nyiragongo ya 1977

Ndugu mwandishi, katika makala yako ya volkano umeeleza vizuri miji iliyoangamizwa, Pompeii ya mwaka 79 na Saint-Pierre ya 1902, lakini Nyiragongo, volkano yetu ya hapa Goma, mashariki mwa Kongo, umeipa mstari mmoja tu, ule wa mlipuko wa Mei 2021. Sisi wa Goma tunaanza kuhesabu tarehe 10 Januari 1977. Siku hiyo ziwa la lava, yaani mwamba ulioyeyuka kwa moto, la kule juu mlimani lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Lava yetu ina silika kidogo, yaani madini yanayoifanya lava iwe nzito kama ugali, kwa hiyo ni nyepesi kama uji wa mgonjwa, na kwenye mteremko inampita mtu anayekimbia. Tarehe 17 Januari 2002 ilikata katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Ukuta wa kwetu umejengwa kwa mawe yake meusi. Mtoto akiuegemea anachubuka kiwiko.

Na mazuku je? Ni kaboni dioksaidi, nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala mashimoni. Asubuhi unakuta mbuzi amekufa, hana hata jeraha. Wataalamu wa volkano wa nchi za nje nao wanaiita mazuku, neno letu hilohilo. Tafadhali, iandikie makala yake. Watoto wanacheza humo mashimoni.